Karakana ambako mtoto hushika spana mwenyewe

Mwaka 2002, katika jiko la nyumba moja ya kupanga jijini Los Angeles, Marekani, waendesha baiskeli walianza kusaidiana kutengeneza baiskeli zao. Jiko hilo ndilo lililoipa karakana yao jina, Bicycle Kitchen, na wanaojitolea pale huitwa wapishi.

Ukifika na baiskeli mbovu, mpishi hakutengenezei. Anakuelekeza, spana unashika wewe. Mzazi aliyezoea kumwachia fundi wa mtaani na kurudi jioni ataona ni usumbufu. Lakini mtoto aliyewahi kukaza waya wa breki kwa mkono wake huitambua breki iliyolegea kabla hajafika kwenye mteremko.

Kwa anayejitolea, kazi ngumu huenda isiwe ufundi bali subira: kumwangalia mtu akihangaika na nati moja bila kumpokonya spana.

Nyumbani, anza na mtoto hivi. Abonyeze matairi, yakibonyea, yajazwe upepo. Ashike breki zote mbili huku akiisukuma baiskeli, isisogee. Aangalie cheni, isiwe kavu wala isining'inie. Mkono wa breki ukivutwa ukagusa usukani, asipande mpaka waya ukazwe.