Mbele ya kulipa musahihishaji, ujue unataka asahihishe nini

Bandugu, kila mwaka wakati wa kuweka TFC na memwari, banafunzi banatumia ujumbe uleule: «Unikorijieko kazi yangu, siku zimebakia kidogo.» Mi ninarudisha ulizo: nikorije nini? Juu kusahihisha si kazi moja. Iko ngazi ine, na kila moja iko na saa yake.

Ya kwanza ni mawazo na mupango. Hapa hatuangalie maandiko bado. Kama unauliza kama chokaa inaongeza mavuno ya mahindi kwenye udongo wenye asidi wa Lubumbashi, lakini meza zako zote zinaonyesha urefu wa mimea tu, hakuna nukta wala mukato utakaokuokoa mbele ya juri.

Ya pili ni sentensi: ile yenye mistari sita, ile aya isiyoshikamana na ya mbele yake.

Ya tatu ni usahihi: maandiko ya maneno, Zea mays kwa herufi za kulala, tani kwa hektari toka mwanzo mpaka mwisho, na kila mwandishi uliyemutaja aonekane katika orodha ya vitabu.

Ya ine ni kusoma mara ya mwisho kazi iliyokwisha kupangwa: ukurasa unaokosa, namba ya meza, jina la direktere.

Unapashwa kufuata huo mufuatano. Mutu hapalilie shamba atakalolima upya kesho. Ukilipa mutu asafishe mikato ya sura ambayo direktere ataikata, umetupa mafranka.

Utajua namna gani uko ngazi gani? Mupe mutu asome kurasa tano, kisha aseme kwa maneno yake unatafuta nini. Akishindwa, uko ngazi ya kwanza. Akiweza, lakini anarudilia sentensi mara mbili, ya pili. Akisoma bila kusimama lakini anakuta makosa, ya tatu.

Na ile ya kwanza ni kazi yako na direktere wako. Musahihishaji anaweza kukuonyesha shimo. Akilijaza yeye, kazi si yako tena, na siku ya kujitetea juri itauliza wewe, haitauliza yeye.

Iko tena ngazi bantu banasahau: kutokugusa. Katika 1965, André Yav aliandika hapa kwetu «Vocabulaire de la ville d'Elisabethville», historia ya muji huu kwa Kiswahili chetu, kwa niaba ya baboyi ba zamani, wale walifanya kazi katika nyumba za bazungu. Ilipigwa kwa mashini, alama za kituo kidogo sana, maneno mengine yameshikana, mengine yamekatwa. Johannes Fabian alipoitoa kama kitabu katika 1990, angeweza kuisafisha yote. Hakufanya vile. Aliacha maandiko jinsi yalivyo. Kisha Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti, na kile kisomo kikaandikwa pembeni, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwa hiyo musomaji wa leo anaelewa, na tena anaona namna mutu aliandika lugha ambayo alizoea kuisema kuliko kuiandika. Kama ingesafishwa tu, ile alama ingepotea kabisa.

Hii inatuhusu sisi ba agronomi. Ukienda kuuliza mama mukulima juu ya mihogo yake, maneno yake unaweka katika kazi jinsi aliyasema, na maelezo pembeni. Sentensi zako njo unasafisha, zake hapana.

Basi, mbele ya kutuma kazi, andika mistari miwili: ninataka ngazi gani, na nini usiguse. Hapo bei mutasikilizana bila matata, na kazi itabakia na sauti yako.