Je, Wajua? Katuni za Zamani Zilizolala Masandukuni, Karagwe na Kyerwa

Je, wajua kwamba baadhi ya picha za kale kabisa za Karagwe zilichorwa na mgonjwa? Kapteni James Grant alifika kwa Omukama (mfalme) Rumanyika Novemba 1861 pamoja na John Hanning Speke. Donda la mguu likamlaza. Januari 1862 Speke akaendelea na safari ya Buganda, Grant akabaki Karagwe kwa miezi kadhaa, akichora. Kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, picha zake nyingi zilitokana na michoro ya Grant. Michoro ya safari hiyo imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh.

Je, wajua kwamba gazeti la 1985 linaweza kuwa hoi kuliko karatasi ya 1862? Zamani karatasi nyingi nzuri zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Karatasi ya gazeti hutokana na mti uliosagwa, utaalamu ulioanza miaka ya 1840, na ndani ya mti mna kemikali iitwayo ligini. Ligini ikipigwa na mwanga na hewa huwa ya njano, kisha ya kahawia. Tindikali nayo hukatakata nyuzi polepole, mpaka siku moja unakunja ukurasa, unakatika mkononi. Maradhi haya gazeti huzaliwa nayo. Hayaponi, lakini yanaweza kucheleweshwa kwa miaka mingi.

Je, wajua Chakubanga? Wazee wa Kayanga na Nkwenda waliokuwa wakisoma gazeti la Uhuru wanamjua. Mchoraji wake, Christian Gregory, alianza kumchora mwishoni mwa miaka ya 1960, na msomaji aliweza kumtafuta Chakubanga kwanza, habari za siasa zikafuata. Wakenya nao walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu katika Taifa Leo kwa miongo kadhaa.

Je, wajua jina la Sani lilitoka wapi? Kwa waanzilishi wawili: Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Jarida lilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, likawapa Watanzania Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Dokta Love Pimbi na Kipepe. Kijana aliyewachora, Philip Ndunguru, alizaliwa 1962 na kufariki 1986. Wahusika hawakufa naye. Wachoraji wengine waliwaendeleza. Hapa ndipo mkusanyaji anapotakiwa kuwa makini. Lodi Lofa wa baada ya 1986 ni kazi ya mkono mwingine, hata akivaa vilevile. Angalia tarehe ya toleo, kisha tafuta saini ndogo pembeni mwa kisanduku. Toleo lililokatwa jalada na ukurasa wa tarehe limepoteza nusu ya thamani yake, kwa maana huwezi tena kusema ni la nani. Matoleo ya uhai wa Ndunguru ni ya miaka michache tu, tena yalipita katika kipindi ambacho nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa karatasi. Ukilikuta moja, hata limetafunwa pembe, usilitupe.

Je, wajua kwamba kulikuwa na hadithi za picha ambazo hazikuchorwa kabisa? Zilipigwa kwa kamera, maneno yakapachikwa juu ya picha. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Afrika Mashariki walimsoma Lance Spearman, maarufu kama Spear, mpelelezi mwenye kofia na tai ya kipepeo, katika jarida la African Film lililotolewa na kampuni ya Drum. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo (1965), alitoa la kwetu kwa Kiswahili: Film Tanzania. Mkusanyaji mzuri huyaweka haya pamoja na katuni.

Je, wajua njia ya gazeti hadi Karagwe? Kutoka mitambo ya Dar es Salaam lingeweza kupanda treni hadi Mwanza, meli hadi Bukoba, kisha gari kupitia Kyaka, kando ya Mto Kagera. Novemba 1978 vita vilifika huko: majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la Kyaka juu ya mto huo. Kwa hiyo ukiona mkusanyiko wa mtu wa Karagwe una pengo la mwishoni mwa 1978, usikimbilie kumlaumu mwenye sanduku.

Je, wajua kwamba jirani wa ng'ambo ya mpaka wa Murongo alikuwa mchoraji? James Tumusiime, Mganda, alichora Bogi Benda katika Daily Nation la Nairobi. Baadaye alianzisha kampuni ya vitabu ya Fountain, na kisha makumbusho ya Igongo karibu na Mbarara, yanayohifadhi urithi wa Wanyankole, ndugu wa karibu wa Wanyambo wa Karagwe kwa lugha na mila. Mtu aliyeanza na visanduku vya katuni akaishia kujenga nyumba ya kumbukumbu: ningependa Kyerwa ipate wa namna hiyo.

Je, wajua kwamba vipeperushi vya UKIMWI ni hazina? Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania walipatikana Kagera mwaka 1983. Elimu iliyofuata ilitumia sana hadithi za picha, na nyingi zilitupwa kwa sababu zilitolewa bure. Atakayeandika historia ya miaka ile atazihitaji kama anavyohitaji taarifa za hospitali.

Je, wajua pa kutafuta? Chini ya nguo za kitenge sandukuni. Kwenye majalada ya madaftari yaliyovalishwa magazeti. Makabati ya parokia, ya sharika, ya vyama vya msingi vya kahawa. Na kuta za nyumba za udongo zilizobandikwa magazeti kuzuia vumbi.

Je, wajua kwamba Marekani mtu mmoja aliokoa tani 75 hivi za magazeti? Bill Blackbeard alianza miaka ya 1960, maktaba zilipokuwa zikitupa magazeti baada ya kuyapiga picha za filamu. Picha zile zilikuwa nyeusi na nyeupe. Katuni za rangi zilikuwa zikipotea. Mwaka 1998 malori 6 yalibeba mkusanyiko wake hadi Chuo Kikuu cha Ohio State.

Je, wajua kwamba ubaridi wa Karagwe ni rafiki wa karatasi? Sehemu kubwa ya wilaya iko juu ya mita 1,500, na baridi huchelewesha uozo. Kinachoharibu ni unyevu wa misimu miwili ya mvua: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65, ukungu huota. Mkulima wa Bugene hafungii kahawa mbichi guniani. Gazeti nalo lisifungiwe likiwa na unyevu. Liweke limelala, si kusimama, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa, mbali na bati kwa ajili ya joto, na kamwe lisikae jikoni, maana moshi una tindikali. Toa pini za stepla kabla hazijapata kutu. Selotepu ni mwiko: gundi yake hugeuka kahawia na kupenya maandishi. Kulaminisha ni kosa kubwa zaidi, halirudi nyuma. Andika tarehe na mahali ulipolipata kwa penseli, kwenye bahasha. Likiwa na wadudu, lifunge vizuri ndani ya nailoni, liweke wiki mbili kwenye friza, kisha liache siku nzima lirudi kwenye joto la kawaida kabla ya kulifungua.

Je, wajua kwamba kumiliki toleo si kumiliki mchoro? Sheria ya hakimiliki ya 1999 humlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Skani ya nukta 300 hadi 600 kwa inchi kwa ajili ya kutunza ni jambo jema. Kuchapa fulana za kuuza bila ruhusa ni jambo jingine. Kwa kulinganisha matoleo, kitengo cha East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho pa kuanzia.

Je, wajua la kufanya na katuni iliyo ukutani? Usiibandue, itachanika. Kiangazi ndio msimu wa kubomoa nyumba za udongo na kujenga za tofali, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya Juni. Pangusa masizi kwa brashi laini, kavu. Simama sambamba na ukuta asubuhi, bila mmweko, weka rula pembeni ionekane, piga picha ukurasa mmoja mmoja, kisha muulize mwenye nyumba nani alibandika na mwaka gani.