Je, ni Nani Humpima Mwalimu?

Sisi wanafunzi tumezoea kupimwa. Tukimaliza mtihani wa katikati ya muhula, ule wa mwisho wa muhula unabisha hodi, na KCSE inatungoja kule mbele. Lakini ni wangapi wamewahi kujiuliza ni nani aliyempima mwalimu kabla hajaruhusiwa kushika chaki? Nimelichunguza jambo hili kwa sababu wengi darasani mwetu wanautaka ualimu, na kumbe safari yenyewe huanzia papa hapa!

Lango la kwanza ni la chuo chenyewe. Chuo kikuu hakiwezi kuamka tu asubuhi na kuanza kufunza walimu. Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, kozi ya shahada ni lazima iidhinishwe na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ambayo ilichukua mahali pa Tume ya Elimu ya Juu iliyoundwa mwaka 1985. Wataalamu husoma mpango wa kozi, huuliza wahadhiri ni wangapi na wamesomea nini, kisha hukagua maktaba na maabara. Yaani, anayesema atafunza walimu wa Kemia aonyeshe kwanza pa kufanyia Kemia.

Walimu wa shule za msingi wana njia yao. Mtihani wao husimamiwa na Baraza la Mitihani, KNEC, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa pale Aga Khan Walk, katikati ya jiji. Cheti cha P1 cha miaka 2 ambacho wazazi wetu wanakijua kimeachwa. Tangu 2021 vyuo vinatoa stashahada ya miaka 3.

Wale mnaopanda matatu za Ngong Road mnakijua kituo cha Kenya Science. Hapo palikuwa na chuo cha walimu wa sayansi, kilichoanzishwa miaka ya 1960 kwa msaada wa serikali ya Uswidi. Mwaka 2007 kilitiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Makanga bado wanaliita jina la zamani, na kwa maoni yangu hawajakosea.

Kabla ya kuhitimu kuna mazoezi ya kufundisha, na hapa sisi ni mashahidi. Mhadhiri huja, akaketi nyuma na fomu yake. Hutazama andalio la somo, matumizi ya ubao na namna maswali yanavyoulizwa. Siku hiyo hata mabingwa wa kelele hunyamaza. Mwalimu wa mazoezi mmoja tuliyekuwa naye alifundisha vizuri siku zote isipokuwa siku hiyo. Alitetemeka hadi chaki ikavunjika. Dakika 40 zikaisha, mgeni akaenda zake. Hakumwuliza hata mmoja wetu kama huwa tunaelewa, wala hakufungua daftari la mtu. Hilo naliona ni pengo. Sisi si wataalamu, sawa, lakini tulikuwa tumekaa na mwalimu yule majuma mengi.

Lango la mwisho liko Upper Hill, kwa Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Sheria yake ya 2012 inakataza mtu kufundisha bila kusajiliwa. Wengi hudhani digrii inatosha. La! Kwa anayetaka kufundisha shule ya upili, TSC hurudi nyuma hadi KCSE: wastani wa C+ na pia C+ katika masomo 2 atakayofundisha. Hebu fikiria mtu aliyesoma miaka 4, karo imelipwa, pengine ng'ombe wameuzwa, na kozi yake imeidhinishwa kabisa, halafu anaambiwa alipata C ya Historia. CUE hupima kozi. TSC humpima mtu. Ofisi zote mbili ziko Nairobi, lakini kila moja ina swali lake.

Wanachama wenzangu, Kiswahili peke yake hakitoshi, hata ukipata A. Lazima kiwe na mwenzake, kwa mfano Historia, Jiografia au Dini. Kwa hivyo kabla ya kuacha somo kwa sababu ramani zinakusumbua, pitia kwa mwalimu wa mwongozo na ushauri. Hupatikana wakati wa chakula cha mchana.