Chumba cha kwenye simu, jua halipo

MPWA wangu alimaliza chuo Dodoma mwaka jana, akapata kibarua cha kuandika mahesabu kwenye duka moja la jumla Kariakoo. Kazi inaanza Jumatatu, yeye bado yuko Dodoma, na mjini hana pa kufikia zaidi ya kwangu Mbagala. Kwangu hakutaka. "Anko, mimi sasa mtu mzima," akaniambia. Haya.

Basi akafanya kama wanavyofanya wenzake wa siku hizi, akamtafuta dalali kwa simu. Dalali akamrushia video ya WhatsApp, nami nikaonyeshwa. Jamani, chumba! Ghorofa ya tatu, si mbali na mtaa wa Sikukuu, vigae vinang'aa, feni inazunguka, dirisha kubwa linaingiza jua mpaka kwenye godoro. Dalali anasimulia kama mtangazaji wa mpira: "Hapa bafu, hapa jiko, hewa ya kumwaga, mwenyewe unaona!" Kodi miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Dada yangu akavunja kibubu, hela ikatumwa kwa simu siku hiyo hiyo.

Jumapili mchana kijana akanipigia, sauti imekauka. "Anko, dirisha lipo, ila jua hamna."

Nikapanda daladala nikaenda. Kweli bwana, vigae vilevile, feni ileile, dirisha lilelile. Lakini ukilifungua, mkono unagusa ukuta wa ghorofa jipya la jirani! Video ilipigwa kabla jirani hajajenga. Dalali alipobanwa akajibu bila haya kwamba yeye hajamdanganya mtu, chumba si ndicho hicho? Na ukitulia ukamsikiliza, mshenzi yule ana hoja.

Ndiyo shida ya kupanga Kariakoo kwa video, msomaji wangu. Kule mji unabadilika huku unautazama. Zile nyumba za Kiswahili za chini, vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, zinabomolewa, maghorofa yanapanda palepale. Chini maduka, katikati stoo, juu watu wanalala. Video ya mwaka juzi inaweza kuwa ya mtaa ambao haupo tena.

Na siyo jua tu. Novemba 16, 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafa. Machi 29, 2013 lilianguka lingine mtaa wa Indira Gandhi likiwa bado linajengwa, likaua zaidi ya 30. Video ya chumba cha ghorofa ya tatu haikuonyeshi nyufa za nguzo za chini, wala fundi anachimba nini huko.

Sisemi video zitupwe. Mtu aliyeko Dodoma au Mbeya hawezi kula nauli ya basi kwa kila chumba anachosikia. Ninachosema, dalali akikutumia video mwambie asante, halafu mpigie simu ya video papo hapo, yeye akiwa ndani ya chumba, na wewe ndiye umwambie aelekeze wapi. Atoe simu nje ya dirisha. Afungue bomba tuone maji yanatoka au linakohoa tu. Akuonyeshe mita ya LUKU, na aseme ni ya chumba hicho au mnachangia nyumba nzima, maana hapo ndipo ugomvi wa wapangaji unapozaliwa. Ashuke ngazi zote bila kukata simu, mpaka barabarani, usome jina la mtaa mwenyewe. Kisha mpigie tena saa mbili usiku, usikie jenereta. Harufu ya mtaro simu haibebi, kwa hiyo mtume hata rafiki wa rafiki akanuse.

Jambo la pili ni nani anakupangisha. Kule Kisutu na Upanga ziko nyumba ambazo wazee mpaka leo wanaziita za Msajili, kwa sababu serikali ilizitaifisha mwaka 1971 zikawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Huko usihangaike na rangi ya ukuta, uliza mkataba na Shirika una jina la nani. Huyo anayejiita mwenye nyumba anaweza kuwa mpangaji kama wewe. Kariakoo nako, usitume hela kabla hujajua ofisi ya serikali ya mtaa inamtambua nani.

Uingereza, tangu mwaka 2007 sheria inamtaka mwenye nyumba aihifadhi amana ya mpangaji kwenye mpango maalum uliokubaliwa na serikali. Kwetu hela ya miezi sita ikishaingia mfukoni mwa mtu, kuitoa ni kazi ya meno.

Mpwa wangu alidai, akaombwa subira, akachoka. Anakaa humo humo, taa inawaka saa sita mchana, LUKU inamla. Juzi nimemkuta anatazama video nyingine, ya chumba Ilala. Nikamwambia mpigie sasa hivi, aelekeze simu nje. Akapiga. Dalali akapokea, akasikiliza, akasema simu yake inaisha chaji.