Wachoraji wa Mbingu (2): Chesley Bonestell, Aliyechora kwa Hesabu

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza habari za Lucien Rudaux, mwanafalaki wa Kifaransa aliyekuwa pia mchoraji hodari, na za Scriven Bolton, Mwingereza aliyefinyanga milima ya plasta na kuipiga picha ili apate mfano wa ardhi za sayari nyingine. Leo twamfikia aliyeichukua fani hiyo mahali walipoifikisha wao, akaiweka mbele ya macho ya mamilioni ya watu, naye ni Chesley Bonestell wa California, ambaye wasomaji wa hadithi za kubuni za kisayansi walimjua kwa majalada ya magazeti yao, na wahandisi wa roketi walimjua kuwa ni mtu wa kutafutwa kila walipotaka kuonyesha jambo ambalo maneno yao peke yake hayakutosha kulithibitisha. Hoja yangu juu yake ni moja: nguvu ya kazi yake haikutoka katika wingi wa njozi, maana wachoraji wenye njozi nyingi walikuwako kabla yake na katika zama zake, bali ilitoka katika kuitiisha njozi chini ya hesabu, hata mtazamaji akaiamini picha ya mahali ambapo hapana mwanadamu aliyepata kukanyaga.

Bonestell alizaliwa San Francisco tarehe 1 Januari 1888, na mwaka 1905, akiwa kijana wa miaka 17, alipanda mlima Hamilton ulio karibu na mji wa San Jose kwenda kuitazama mbingu katika kituo cha falaki cha Lick, kilichokuwa na darubini ya inchi 36, mojawapo ya darubini kubwa kabisa za wakati ule. Katika darubini hiyo aliuona mwezi. Lakini kilichomteka moyo ni Zohali, aliyoiona pamoja na pete zake kwa darubini ndogo zaidi ya inchi 12, na aliporejea nyumbani aliichora. Picha hiyo haikudumu, kwa sababu Aprili ya mwaka uliofuata uliushukia mji wa San Francisco ule msiba mkuu wa tetemeko la ardhi lililofuatiwa na moto, nayo ikateketea pamoja na mali za watu wengi. Kutoka hapo hata Zohali yake ionekane mbele ya umma ilipita karibu miaka 40, na wanaomweleza Bonestell kwa haraka huiruka miaka hiyo kana kwamba alikuwa akipoteza wakati. Mimi naona kuwa hiyo ndiyo iliyomfanya awe alivyokuwa, kwa hiyo yafaa tuikalie kidogo.

Alikwenda New York kusoma usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Columbia, akaacha masomo katika mwaka wa tatu pasipo kupata shahada, akaingia kazini katika ofisi za wasanifu, mmoja wao akiwa Willis Polk wa San Francisco. Kazi yake hasa ilikuwa kuchora jengo kabla halijajengwa: mwenye fedha alitaka alione jumba lake limesimama, lina kivuli chake na watu wakipita chini yake, hali kiwanja chenyewe bado ni udongo mtupu. Mchoraji wa namna hii hana ruhusa ya kubahatisha. Hupewa ramani yenye vipimo, akatakiwa aonyeshe vipimo hivyo vitakavyokuwa machoni pa mtu aliyesimama mahali maalumu, na akikosea pembe moja tu jengo zima huinama. Katika miaka ya 1920 alikaa Uingereza akilichorea gazeti la Illustrated London News, ambalo ndilo lililokuwa likichapisha kazi za Bolton, na huko akaijua ile njia ya kutumia vinyago vya ardhi. Aliporudi New York alifanya kazi na William Van Alen katika jengo la Chrysler, na baada ya uchumi kuporomoka mwaka 1929 alirejea kwao California, ambako alimchorea mhandisi Joseph Strauss picha za daraja la Golden Gate, zikiwaonyesha watu jinsi litakavyojengwa na litakavyosimama juu ya mlango wa bahari.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, akiwa na umri wa miaka 50 hivi, umri ambao wengi huanza kuhesabu yaliyokwisha, alibadili kazi, akaenda Hollywood kuwa mchoraji wa mandhari za sinema. Ufundi huo ulikuwa hivi: wachezaji hupigwa picha katika sehemu ndogo tu ya jengo iliyojengwa kwa mbao na plasta, kisha sehemu iliyobaki, yaani minara, mapaa, mji mzima na mbingu zake, huchorwa kwa mkono, na picha hizo mbili zikaunganishwa katika filamu hata mtazamaji asijue mpaka uko wapi. Alichora Paris ya zamani kwa ajili ya sinema ya The Hunchback of Notre Dame ya mwaka 1939, akafanya kazi pia katika Citizen Kane ya Orson Welles ya mwaka 1941. Jambo kubwa alilojifunza huko ni namna kamera inavyouona ulimwengu inapohama kutoka mahali hata mahali, yaani kitu kile kile kinavyokua, kinavyopungua na kinavyogeuza sura yake kwa kadiri ya pembe ya kukitazama.

Hapo ndipo alipoirudia Zohali. Alijiuliza: ikiwa kamera yaweza kuhamishwa kuzunguka jumba, kwa nini isihamishwe kuizunguka sayari, kutoka mwezi wake mmoja hata mwingine? Akakaa na vipimo vya wanafalaki, akakokotoa, akachora, na gazeti la Life likazichapa picha zake katika toleo la tarehe 29 Mei 1944, wakati vita vikuu vikiendelea. Mwenye kutaka kuujua ustadi wake na afanye mwenyewe hesabu hizo. Kipenyo cha Zohali ni kilomita 120,000 hivi. Mwezi wake uitwao Titan uko mbali nayo kwa kilomita milioni moja na laki mbili, kwa hiyo aliyesimama huko ataiona sayari imepanuka angani kiasi cha mara 11 ya upana wa mwezi wetu tuuonavyo duniani. Bali Mimas iko karibu mno, kilomita 185,000 na kitu, na kutoka huko Zohali huchukua nyuzi karibu 38 za mbingu, sawa na ngumi nne zilizopangwa juu kwa juu mwisho wa mkono ulionyooshwa. Tena kuna suala la pete. Titan huzunguka karibu sawasawa na ubapa wa pete zile, na kwa sababu hiyo aliyeko huko hazioni zikiwa duara pana la fahari, bali huziona kwa upande, mfano wa mstari mwembamba uliopita katikati ya sayari. Mchoraji wa kufurahisha watu angalizifungua pete ili zipendeze. Bonestell alichora mstari. Alichora Zohali hilali, imekatwa na ule mstari, katika mbingu ya buluu iliyo juu ya majabali yenye theluji, na picha hiyo ikawa mashuhuri kuliko zake zote, ijapokuwa ameacha kukichora kile ambacho kila mtu angetazamia kukiona.

Kazi yenyewe aliifanya kwa mikono yake hatua kwa hatua. Aghalabu aliifinyanga kwanza ile ardhi kwa udongo, akaweka taa upande ambao jua lingekuwako, akapiga picha, kisha akaichora kwa rangi za mafuta kwa uangalifu hata isionekane alama ya brashi. Ndiyo sababu wengi walizidhania kazi zake kuwa ni picha za kamera. Mwaka 1949 zilikusanywa katika kitabu The Conquest of Space, ambacho maelezo yake yaliandikwa na Willy Ley, mtaalamu wa roketi aliyeihama Ujerumani ya Wanazi, na mwaka 1950 George Pal akatoa sinema ya Destination Moon, iliyochorewa na Bonestell mandhari ya mwezini. Humo palitokea tofauti ya rai inayomwonyesha mtu mwenyewe: wenye kutengeneza jukwaa waliifanya ardhi ya mwezi iwe na nyufa za tope lililokauka, kwa kuwa nyufa zilizodogoshwa kadiri zinavyokwenda nyuma zilikifanya chumba cha studio kionekane kirefu, naye hakuzipenda hata kidogo, maana tope hutaka maji, na mwezini maji yametoka wapi?

Kisha likaja gazeti la Collier's. Kuanzia Machi 1952 hata 1954 lilitoa mfululizo wa makala juu ya safari za anga, likiongozwa na fikira za mhandisi Wernher von Braun, aliyekuwa amewatengenezea Wanazi roketi za vita kabla ya kuhamia Marekani. Na Bonestell, pamoja na Fred Freeman na Rolf Klep, akapewa kazi ya kuzichora fikira hizo. Von Braun alikuwa akimpelekea michoro ya vyombo vyake, na baadaye alieleza mwenyewe kwamba mara kwa mara michoro ile ilirudishwa ikiwa na maswali makali juu ya kitu kilichosahauliwa au kisichopatana na kingine. Msanii anamsahihisha mhandisi! Sioni ajabu, kwa kuwa mwenye kuchora kitu ndiye anayelazimika kujua mlango uko wapi na kivuli chake huangukia wapi, ambapo mwenye kukieleza kwa maneno aweza kulipita hilo. Miaka mitatu tu baada ya makala zile kumalizika Warusi walirusha Sputnik, na kwa Wamarekani wengi waliosoma Collier's hapakuwa tena haja ya kuambiwa chombo cha angani ni kitu gani.

Lakini insafu yataka tutaje pia alipokwenda kombo. Milima ya mwezini ya Bonestell ni mirefu, yenye ncha kali, na hoja yake yafahamika: pasipo upepo wala mvua, nini kitalilainisha jabali? Mwaka 1957 alichora kwa ajili ya Makumbusho ya Sayansi ya Boston picha ya ukutani yenye urefu wa futi 40 na kimo cha futi 10, iliyojaa vilele vya namna hiyo. Miaka michache baadaye vyombo vilifika, wakafika na watu, ikaonekana kuwa milima ya mwezi ni ya mviringo na miteremko ya taratibu, kwa kuwa mawe madogo mno yaingiayo kwa kasi kutoka angani yameitwanga kwa mamilioni ya miaka. Na mwaka 1970 picha ile iliondolewa ukutani, ikaishia katika hazina ya Smithsonian. Kinachonihuzunisha si kwamba hakuweza kujua. Rudaux, kama tulivyoona juma lililopita, alikuwa ameutazama ukingo wa mwezi kwa darubini, akauona umelainika, akauchora hivyo, na kitabu chake kilikuwa kimekwisha tolewa tangu 1937. Hapa mwenzetu aliupenda uzuri wa ncha kuliko ushahidi wa jicho, na ndipo mahali pekee pakubwa ambapo aliiacha njozi iipite hesabu. Ile mbingu ya buluu ya Titan ni habari nyingine: chombo cha Huygens kilipotua huko Januari 2005 kilikuta ukungu mzito wa rangi ya machungwa, ambao mwaka 1944 hapakuwa na mwanafalaki wa kumwambia habari zake.

Aliendelea kuchora hata alipofariki huko Carmel tarehe 11 Juni 1986, akiwa na miaka 98. Katika sehemu ijayo tutavuka upande wa pili wa mashindano ya Wamarekani na Warusi ya kwenda angani, tumweleze Alexei Leonov, ambaye Machi 1965 alitoka nje ya chombo chake angani, mwanadamu wa kwanza kufanya hivyo, na aliporudi ndani alichora kwa penseli za rangi yale aliyoyaona.