Risasi Iondoke, Chombo Kidumu
Tangu tarehe 1 Julai, 2006, sheria ya Umoja wa Ulaya imekataza risasi kuzidi asilimia 0.1 ya uzito wa kila malighafi iliyomo katika vyombo vingi vya umeme viuzwavyo huko. Twaiunga mkono: risasi ni sumu idhuruyo damu ya mfanyakazi na ubongo wa mtoto.

Lakini ukweli usemwe. Bati lisilochanganywa na risasi huweza kuota nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikaunganisha njia za umeme na kukiua chombo. Hicho kisiwe kisingizio cha wenye viwanda kutuuzia vyombo visivyodumu; tabaka la nikeli chini ya bati hupunguza hatari hiyo.

Chombo kitupwacho upesi ni taka pia. Mfanyakazi anastahili yote mawili: afya yake, na uimara wa kile alichokinunua kwa jasho lake.