Malaika wa Chuma Asiyeshusha Tanga

Nahodha akiona wingu jeusi linajikusanya huamrisha foromali iteremshwe na tanga likunjwe, chombo kikanusurika. Je, ndugu msomaji, atafanyaje mtu aliyeunda tanga la chuma, akalisimamisha juu ya kilima, na hana njia ya kulikunja?

Hilo ndilo lililowakabili mafundi wa mji wa Gateshead, kaskazini mwa Uingereza, baraza la mji lilipoazimia kusimamisha sanamu iitwayo Angel of the North, yaani Malaika wa Kaskazini, kazi ya mchongaji Antony Gormley. Kimo chake ni meta 20. Mabawa yake, ncha hadi ncha, ni meta 54, yanakaribia mabawa ya ndege ya jumbo. Uzito wake wapita tani 200.

Najua wako watakaoguna: sisi na masanamu wapi na wapi, tena ya malaika! Wana haki yao. Hata mji wa Jeddah, wanakoshukia mahujaji wetu, ulipojipamba kwa sanamu kubwa kubwa katika miaka ya 1970 na 1980, ziliwekwa zisizo na sura ya mtu. Lakini leo sizungumzii umbo. Nazungumzia kusimamisha, na hiyo ni elimu ambayo kila fundi wa mlingoti ataitambua.

Kazi kubwa haionekani kwa macho. Mafundi waliteremsha ardhini nguzo 8 za zege, kila moja kiasi cha meta 20, hata zikakamata mwamba. Basi urefu uliozikwa ni sawa na urefu unaotazamwa. Hesabu ilipigwa kwa upepo wa maili 100 kwa saa na zaidi, maana kilima kile ki wazi pande zote.

Na kilima chenyewe kina habari yake. Pale palikuwa na machimbo ya makaa ya mawe, na kilima kimefanywa juu ya mabaki ya hamamu walimokoga wachimbaji wakitoka shimoni. Machimbo yakafungwa, viwanda vya kuunda meli navyo vikafungwa, watu wakabaki mikono mitupu. Watu hao ndio walioambiwa kwamba sasa wataletewa sanamu! Wengi walipinga, na magazeti yakawaunga mkono. Walisema fedha ziende hospitali na shuleni. Wakasema madereva watazubaa njiani wagongane. Wengine wakahofia televisheni zao hazitashika. Gharama ilifika kama pauni 800,000, nyingi zikitoka katika bahati nasibu ya taifa, jambo ambalo kwetu lingezua mjadala mwingine kabisa.

Sanamu iliundwa Hartlepool, mwendo wa maili 28 hivi, vipande vitatu: kiwiliwili na mabawa mawili. Usiku wa kuamkia Jumapili, 15 Februari 1998, vipande vikapakiwa juu ya matrela marefu, vikaenda polepole kwa ulinzi wa polisi, na watu wakatoka majumbani usiku ule wa baridi kutazama. Kulipokucha kreni zikainua kiwiliwili kikasimamishwa juu ya msingi wake, kisha bawa moja, kisha la pili. Mabawa hayakunyooshwa sawasawa. Yameinama mbele kidogo, nyuzi 3.5, mfano wa mtu anayetaka kukumbatia.

Rangi haikupakwa. Chuma chake kimechanganywa na shaba kidogo, kikashika kutu ya juu juu inayoziba kutu ya ndani isile. Sisi wa pwani, ambao chumvi yetu hula hata misumari ya milango, twaweza kuusikiliza ujuzi huo kwa wivu.

Na wale waliopinga? Mwezi Mei mwaka ule ule, timu ya Newcastle United ilipokuwa ikienda fainali ya kombe, mashabiki walishona jezi kubwa ajabu yenye namba 9 na jina la Shearer, mshambuliaji wao, wakamvika Malaika kabla polisi hawajaja kuiteremsha.